Matilda Binti Henry na Neno Kiburi

Nataka tuzungumzie mwanamke mmoja aliyeishi karibu miaka mia tisa iliyopita, huko Uingereza na Ufaransa. Jina lake Matilda. Alikuwa mtoto wa mfalme, akaolewa na Kaisari, akazaa mfalme, na yeye mwenyewe, kwa miezi michache ya mwaka 1141, alikikaribia kiti cha enzi cha Uingereza kuliko mwanamke yeyote aliyemtangulia. Kisha akakikosa. Ukiuliza kwa nini alikikosa, utapewa jibu lililorudiwa tangu enzi zake, nalo ni neno moja: kiburi. Alikuwa na kiburi, wanasema. Hakujua kusema na watu. Mimi leo nadai kuwa jibu hilo halitoshi, na kwamba ukilitazama kwa karibu utawajua zaidi walioliandika kuliko utakavyomjua Matilda. Nisikilize hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana yanaweza kutupoteza njiani. Baba yake Matilda alikuwa Henry wa Kwanza, mfalme wa Uingereza na mtawala wa Normandy, ng'ambo ya bahari, katika Ufaransa ya leo. Mume wake wa kwanza alikuwa Henry wa Tano, Kaisari huko Ujerumani. Mwanawe wa kwanza naye ni Henry, yule aliyetawala baadaye kama Henry wa Pili. Na mke wa mpinzani wake aliitwa Matilda vilevile. Kwa hiyo huyu wetu nitamwita kwa desturi tuliyoizoea, Matilda binti Henry, na yule wa pili nitamwita Matilda mke wa Stephen. Binti Henry alizaliwa mwaka 1102. Alipokuwa na miaka minane alipelekwa Ujerumani kwa mchumba wake, akakulia katika nyumba ya ugenini, akajifunza taratibu zao, na kabla hajatimiza miaka kumi na miwili ndoa ikafungwa. Hapa tusipite haraka. Mwaka 1118 Kaisari alirudi kaskazini, akamwacha mkewe Italia asimamie mambo yake, na msichana wa miaka kumi na sita akakaa barazani, akasikiliza mashauri ya watu na kutoa hukumu. Jambo hilo lishike. Huyu hakuwa mtu aliyeokotwa njiani akapewa madaraka. Kazi ya kutawala aliifanya kabla hajafika umri ambao leo kijana anapewa kadi ya kupigia kura.

Sasa tuje kwenye chanzo cha mgogoro. Usiku wa tarehe 25 Novemba 1120 merikebu moja, iliyokuwa ikiitwa Merikebu Nyeupe, iling'oa nanga katika bandari ya Barfleur huko Normandy, ikagonga mwamba, ikazama. Ndani alikuwemo William, mwana pekee wa ndoa wa Mfalme Henry. Mfalme alikuwa na watoto wa nje ya ndoa zaidi ya ishirini, lakini wa ndoa sasa alibaki mmoja tu, naye wa kike, yuko Ujerumani. Henry alioa tena akitumaini kupata mwana, hakujaliwa. Kaisari alipofariki mwaka 1125 bila kuacha mrithi, Henry alimwita binti yake arudi nyumbani, na mwanzoni mwa mwaka 1127 akawakusanya maaskofu na makabaila wa nchi, wakaapa mmoja baada ya mwingine kwamba mfalme akifa bila mwana watampokea Matilda kuwa mtawala wao. Katika kiapo kile kuna jambo ambalo laweza kuonekana dogo, mimi naliona kubwa. Mtawa William wa Malmesbury, mmoja wa waandishi bora wa tarehe za wakati ule, anaeleza kuwa baada ya David mfalme wa Uskoti, ambaye ni mjomba wa Matilda, wanaume wawili walishindana nani atangulie kuapa. Mmoja alikuwa Robert wa Gloucester, mtoto wa nje ya ndoa wa mfalme, yaani ndugu wa Matilda kwa baba. Wa pili alikuwa Stephen, mtoto wa shangazi yake. Waligombea heshima ya kuapa! Likumbuke jina la Stephen, kwa sababu huyu aliyegombea kutangulia katika kuapa ndiye aliyetangulia katika kukivunja kiapo.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mfalme Henry alifariki tarehe 1 Desemba 1135, huko Normandy. Wakati huo Matilda alikuwa Anjou, huko Ufaransa, kwa mume wake wa pili, Geoffrey, ana mimba ya mtoto wa tatu, tena yeye na mumewe walikuwa wamekosana na mzee kwa sababu ya ngome walizoahidiwa wakati wa ndoa na hawakupewa. Stephen alikuwa Boulogne, nchi ya mkewe, ambayo inatazamana na Uingereza, katikati mlango mwembamba wa bahari. Akavuka. Watu wa London wakampokea. Akaenda Winchester, mji uliotunza hazina ya mfalme, na askofu wa Winchester alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Tarehe 22 Desemba akavishwa taji. Wiki tatu tu, msikilizaji! Fikiria msiba wowote unaoujua. Mzee amefariki, binti aliyeandikwa kwenye wosia yuko mbali na ni mjamzito, na kabla matanga hayajaanuliwa mpwa wa marehemu ameshashika funguo za nyumba, huku mtunza sanduku ni kaka yake. Je, utasema yule binti alikosa urithi kwa sababu ya kiburi chake? Utasema alikuwa mbali, na mwenzake alikuwa karibu na mwepesi.

Utaniuliza, je, wale walioapa walijiteteaje? Kabaila mmoja, Hugh Bigod, alikula kiapo kwamba mfalme alipokuwa anakata roho aliwafungua watu wote katika ahadi yao. Na mwaka 1139 shauri lilipofika mbele ya Papa huko Roma, watu wa Stephen walitoa hoja kwamba kiapo cha 1127 kilitolewa kwa shuruti, na kwamba Matilda hakuwa mtoto halali wa ndoa, kwa kuwa mama yake, aliyelelewa katika nyumba ya watawa, eti alikuwa mtawa kabla ya kuolewa. Zipime hoja hizo. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa iliyomkataza mwanamke kurithi ufalme wa Uingereza. Ingekuwapo, ingekuwa ya kwanza kusomwa mbele ya Papa. Badala yake walilazimika kumtafuta mama yake, aliyekwisha kufa miaka mingi, na kuchimbua maisha yake ya usichana. Kwa hiyo Matilda alipovuka bahari mwaka huohuo wa 1139, na Robert yuko upande wake, hakuwa anaomba fadhila. Alikuwa anadai kile ambacho karibu kila mkubwa wa nchi alikuwa amemwapia.

Tufike sasa mwaka 1141, maana humo ndimo lilimozaliwa lile neno kiburi. Tarehe 2 Februari jeshi la Robert lilipigana na Stephen huko Lincoln, na Stephen akakamatwa, akafungwa katika ngome ya Bristol. Mfalme yuko kifungoni! Mwezi wa Aprili, Winchester, mkutano wa viongozi wa kanisa ulimkubali Matilda, naye akatumia cheo kipya cha Kilatini, Domina Anglorum, yaani Bibi wa Waingereza. Bibi kwa maana ya mwenye mamlaka, kike cha bwana. Cheo hicho kilikuwa cha kushikilia nafasi hadi siku ya taji. Juni akaingia Westminster, kando ya London, kujiandaa kutawazwa. Na hapa kuna kitabu kiitwacho Gesta Stephani, maana yake Matendo ya Stephen, ambacho mwandishi wake anatuonyesha Matilda kana kwamba tumesimama naye mlangoni. Matajiri wa London wameitwa. Anawadai fedha nyingi. Wanalalamika kuwa vita na njaa vimewamaliza, wanaomba wapewe nafasi. Anawajibu kwamba Stephen walikuwa wakimpa kwa mikono miwili ili amdhoofishe yeye, leo wanasema hawana. Uso wake, asema mwandishi, ulikunjamana, macho yakawaka hasira, na upole wote wa kike ukamtoka. Mahali pengine anamlaumu kwamba mjomba wake mfalme wa Uskoti, askofu wa Winchester na Robert ndugu yake walipokuja kupiga magoti mbele yake, hakuinuka kuwapokea. Basi tarehe 24 Juni meza ilikuwa imeandaliwa, chakula tayari, mara kengele za mji zikalia na watu wa London wakamiminika nje na silaha kama nyuki waliotibuliwa. Matilda na watu wake wakarukia farasi wakakimbilia Oxford. Waliovamia walikuta vyakula bado viko mezani.

Haya. Sasa tuyahesabu makosa yake, kama alivyoyahesabu mwandishi. Alidai fedha kwa ukali. Hakuinuka kitini mbele ya wanaume waliopiga magoti. Alikataa baadhi ya maombi ya askofu. Alitoa hukumu bila kufuata ushauri wa wakubwa. Ndiyo hayo. Je, wafalme waliomzunguka walifanyaje? Baba yake, mwishoni mwa mwaka 1124, aliamuru watengeneza sarafu wa Uingereza waitwe Winchester na kukatwa mkono wa kulia kwa kosa la kutoa sarafu mbovu. Mwandishi wa tarehe wa Kiingereza aliona walistahili, na Henry akaenda kaburini na sifa ya mfalme aliyeleta amani kwa kuogopwa. Mwanawe, Henry wa Pili, tunasoma katika barua ya wakati wake kwamba siku moja alipokasirika alivua kofia, akatupa joho, akaketi akitafuna majani makavu. Henry huyo anahesabiwa miongoni mwa wafalme wakubwa kabisa wa Uingereza. Na Stephen je? Stephen alikuwa mpole, mwepesi wa kusamehe, mkarimu wa maneno. Waandishi wakamlaumu kwa huo upole, wakasema makabaila walipoona hatoi adhabu walijenga ngome zao na kuwatesa wanyonge. Nalirudia hili kwa sababu ndilo kitovu cha mazungumzo yetu. Mfalme mkali akasifiwa, mfalme mpole akalaumiwa, na mwanamke aliyekuwa mkali kama baba yake akaambiwa upole wa kike umemtoka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kwa kipimo kile, Matilda angetawalaje? Angekuwa mpole, angeonekana dhaifu kama Stephen. Alipokuwa mkali, akaonekana si mwanamke.

Najua kuna msikilizaji anayesema, ngoja kwanza, huyo mwandishi wa Gesta Stephani si peke yake. Ni kweli. Mwandishi mwingine, Henry wa Huntingdon, naye anasema ushindi ulimvimbisha kichwa. Hoja hiyo ni nzito na sitaikwepa. Nakubali kuwa Matilda huenda alikuwa mtu mgumu. Nakubali pia kwamba kumuudhi askofu wa Winchester lilikuwa kosa la kweli. Askofu yule, ndugu wa Stephen, ndiye aliyemfungulia mlango; alimwomba kwamba mtoto wa Stephen aruhusiwe kuzishika mali ambazo baba yake alikuwa nazo kabla ya kuwa mfalme, na Matilda akakataa. Kiongozi mwenye subira angekubali, au angalau angesema tutazungumza. Lakini kuwa mgumu na kukosea hesabu ya siasa ni jambo moja, na kuangushwa na ugumu huo ni jambo jingine. Kitabu chenyewe kinaitwa Matendo ya Stephen. Tusitarajie kimpambe adui wa Stephen. Na tazama kilichotokea kweli. London ilimpokea Matilda huku inamtamani Stephen. Biashara yake na Boulogne ilikuwa kubwa, na Boulogne ilikuwa mikononi mwa mke wa Stephen. Ng'ambo ya mto Thames, siku zilezile, lilikuwa limefika jeshi linalochoma na kupora hadi karibu na kuta za mji. Mfanyabiashara anayeona moshi ng'ambo ya mto haulizi ni nani aliyeinuka kitini na nani hakuinuka.

Na jeshi hilo liliongozwa na nani? Hapa, wapenzi wasikilizaji, ndipo hoja yangu inaposimama kwa miguu miwili. Liliongozwa na mwanamke. Matilda mke wa Stephen, mumewe akiwa kifungoni, alikusanya askari wa kukodiwa chini ya Mflemi aitwaye William wa Ypres, akachoma mashamba ya watu ng'ambo ya London, akamvuta askofu wa Winchester arudi upande wa nduguye, na mwezi Septemba majeshi yake yakawazingira watu wa binti Henry mjini Winchester hadi wakatimuliwa. Katika kukimbia huko Robert alikamatwa akimlinda dada yake asipatikane. Mwezi Novemba ikabidi abadilishwe, mfalme kwa Robert, na ushindi wote wa Lincoln ukayeyuka. Sasa fungua Gesta Stephani, kitabu kilekile, mwandishi yuleyule. Anamsemaje huyu Matilda wa pili aliyechoma nyumba za watu? Anamsifu. Anasema alikuwa na moyo wa kiume. Wanawake wawili, jina moja, mwaka mmoja, ukali uleule. Mmoja ni kiburi, mwingine ni ushujaa. Tofauti iko wapi? Mke wa Stephen alipigana kwa niaba ya mume na kwa ajili ya mtoto wake wa kiume. Binti Henry alipigana kwa haki yake mwenyewe. Mwanamke wa zama zile aliruhusiwa kushika upanga, muhuri na hazina, ilimradi aseme anamshikia mtu. Aliposema ni vyangu, hapo ndipo uso wake ulipoonekana umekunjamana.

Msikilizaji mwingine atasema, mbona wako wanawake waliotawala Ulaya katika zama hizohizo? Swali zuri sana. Wako, na kila mmoja anatuongezea ushahidi. Urraca alitawala León na Castile, huko Hispania, kuanzia mwaka 1109 hadi 1126, kwa kurithi kwa baba yake. Alipigana na mumewe mwenyewe, mfalme wa Aragón, hakumwachia nchi. Lakini katika kitabu kilichoandikwa kanisani Santiago de Compostela alifananishwa na Yezebeli wa Biblia. Melisende alirithi ufalme wa wapiganaji wa msalaba huko Yerusalemu mwaka 1131, na hapa kuna uhusiano wa ajabu: mume wake, Fulk, ndiye baba wa Geoffrey, kwa hiyo alikuwa baba mkwe wa Matilda. Fulk alijaribu kumsukuma pembeni, akashindwa. Mwandishi William wa Tiro alimsifu Melisende kwa hekima, lakini yeye alitawala kwanza pamoja na mume, kisha pamoja na mwana, na mwaka 1152 mwana huyo akamwondoa kwa nguvu. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye, 1384, Wapolandi walimtawaza binti mdogo aitwaye Jadwiga mjini Kraków, na katika Kilatini wakamwita rex, mfalme, neno la kiume, kuonyesha kuwa yeye si mke wa mtawala bali mtawala. Na Margrete wa Denmark, mama wa umoja wa Denmark, Norwei na Uswidi uliokamilishwa Kalmar mwaka 1397, alipewa na Wadenmark cheo cha bibi na mwenye nyumba, mlezi wa dola zima. Unaona walivyohangaika na majina? Bibi, mfalme, mwenye nyumba, mlezi. Kazi ilikuwa ileile ya mfalme, lakini kila mara ilibidi itafutwe namna ya kuita ili wanaume wainamishe vichwa bila kuona wameinama kwa mwanamke.

Turudi kwa Matilda wetu, kwa sababu hakukata tamaa baada ya London. Mwaka 1142 Stephen alimzingira katika ngome ya Oxford kwa karibu miezi mitatu, hadi chakula kikaisha. Ilikuwa Desemba, theluji imefunika nchi, mto Thames umeganda ukawa barafu. Usiku Matilda alitoka ngomeni na wanaume wachache, wamevaa nguo nyeupe ili wasionekane kwenye theluji. Wakapita katikati ya walinzi wa adui, wakatembea juu ya mto, wakaendelea kwa miguu hadi Abingdon, mwendo wa kilomita kama kumi, kisha wakapata farasi wa kuwafikisha Wallingford. Hata mwandishi wa Gesta Stephani, aliyemchukia, alishangaa, akasema hajapata kusikia mwanamke aliyeponyoka hatari nyingi namna hiyo. Mtu huyu alishindwa kwa kukosa ujasiri? Hapana. Kwa kukosa akili? Hapana. Aliegemea nguzo moja, Robert, na nguzo hiyo ilipokamatwa ukuta ukaanguka. Stephen alipofungwa, mkewe alikusanya jeshi kumpigania. Matilda alipohitaji msaada, mumewe Geoffrey hakuvuka kabisa. Alibaki ng'ambo akiiteka Normandy, kazi aliyoimaliza mwaka 1144. Robert alifariki mwaka 1147, na mwaka uliofuata Matilda akarudi Normandy. Huo ndio mlolongo wa sababu kama ninavyouona: umbali, hazina, London, nguzo moja, mume asiyevuka. Kiburi kipo katika orodha, sikatai, lakini kipo mwishoni.

Na ushahidi wangu wa mwisho ni maisha yake baada ya hapo. Mwaka 1153 Stephen, akiwa amefiwa na mwanawe mkubwa, alikubali kwa mkataba kwamba mrithi wake awe Henry mwana wa Matilda. Mwaka 1154 Stephen akafariki na Henry akavishwa taji. Kwa hiyo dai la Matilda lilishinda. Kilichokataliwa ni yeye kukikalia kiti cha enzi. Tangu hapo mama huyu aliishi kando ya Rouen, katika nyumba za watawa, na kutoka pale alimsaidia mwanawe kuitawala Normandy. Alisikiliza mashauri, alipiga muhuri, alipatanisha. Inasimuliwa kwamba alimshauri Henry asimfanye Thomas Becket kuwa askofu mkuu, naye hakusikia, na mgogoro wao ulipowaka watu wa pande zote mbili walimwendea yeye awapatanishe. Ni Matilda yuleyule, damu ileile, ulimi uleule. Walioandika habari zake sasa waliona busara na uchaji Mungu. Alibadilika? Huenda uzee ulimlainisha kidogo. Lakini kilichobadilika zaidi ni kwamba sasa alitawala kwa niaba ya mwana.

Alifariki tarehe 10 Septemba 1167 akazikwa katika abasia ya Bec. Maandishi yaliyowekwa kaburini yalimtambulisha kwa akina Henry watatu, yaani baba, mume na mwana. Miezi ile ya mwaka 1141, alipokuwa Bibi wa Waingereza kwa jina lake, haikutajwa. Uingereza ilikaa tena zaidi ya miaka mia nne, hadi mwaka 1553, ndipo mwanamke, Mary wa Kwanza, akavishwa taji kwa haki yake mwenyewe. Nakuomba basi, msikilizaji, siku utakaposoma mahali kwamba Matilda alikosa ufalme kwa kiburi, usikubali mara moja. Uliza nani ameandika, na ameandika kwa ajili ya nani, na mwanamume aliyefanya jambo lilelile mwandishi huyohuyo alimwita nani.

Jambo moja la mwisho kabla sijakuaga. Alipokuwa Rouen, Matilda alitoa fedha zake lijengwe daraja la mawe juu ya mto Seine, badala ya la mbao. Daraja lile lilitumika kwa karne kadhaa, kisha likabomoka. Lakini ukienda Rouen leo utakuta daraja jingine, la kisasa, magari yanapita juu yake mchana na usiku, nalo linaitwa Pont Mathilde, Daraja la Matilda.